Mwanatheolojia wa Kupisha Astaafu kwa Mara ya Tatu

Mchungaji Dakta Elinuru Shemkala amekitumikia Chuo cha Theolojia Kwembuzi kwa miaka thelathini na minne, na anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2024. Msomaji mwenye kumbukumbu nzuri atasema sentensi hii ameshaisoma mahali. Ni kweli. Tuliichapisha mwaka 2015 ikiwa na miaka ishirini na mitano, na mwaka 2019 ikiwa na miaka ishirini na tisa. Mara zote iliandikwa na mkono huu huu, kwa kuwa kanuni za kamati ya wafanyakazi zinasema katibu ndiye mwandishi wa wasifu wa wastaafu, na tangu hapo hakuna aliyejitokeza kugombea ukatibu.

Basi tuseme mapema ili wageni wasikae roho juu: safari hii anaondoka kweli. Funguo za ofisi amekabidhi, na mlango tumeujaribu. Ila ilibaki kidogo sana aondoke mtu mwingine badala yake, mtu ambaye chuo kisingempata tena, na hilo nalo litaelezwa hapa. Wasifu usiolieleza ungekuwa kama ule wa 2015 na ule wa 2019, yaani mzuri na usio na kazi.

Alizaliwa Shume mwaka 1955, mtoto wa mpasua mbao. Akasoma, akabarikiwa uchungaji, akaoa, na Januari 1990 akafika Kwembuzi na sanduku moja la nguo na maboksi sita ya vitabu. Maboksi hayo aliyashusha kibarua mmoja wa kufyeka nyasi, ambaye leo ndiye msimamizi wa miliki ya chuo na ndiye anayeandika mistari hii. Ukitoa miaka minne aliyokwenda Ulaya kuchukua shahada ya uzamivu, na mwaka mmoja wa nyonga iliyovunjika, miaka ya kazi inabaki ishirini na tisa. Ukianza kutoa semina, makongamano na vikao, utaona ni vyema kuishia hapo.

Kwa wageni watakaoishika programu hii wakiwa hawajawahi kutembea kwa miguu milimani kwetu, maelezo mafupi. Njia zetu ni nyembamba. Upande mmoja ni ukuta wa udongo, upande wa pili ni maharage ya mtu, mbali kidogo kwenda chini. Watu wawili wakikutana hawawezi kupita kwa kubanana mabega. Mmoja lazima asimame pembeni, na pembeni penyewe mara nyingi ni ndani ya mtaro wa maji ya mvua. Nani aingie mtaroni? Hilo halijadiliwi. Anayeshuka humpisha anayepanda, na mwenye mikono mitupu humpisha mwenye mzigo. Mtoto wa darasa la pili analijua. Mwenyekiti wa kijiji akishuka na fimbo yake, na mtoto akipanda na ndoo ya maji, mwenyekiti ndiye atakayeloa viatu, na mtoto atamwamkia shikamoo huku anapita, bila kusimama.

Kutokana na jambo dogo kama hilo, Mchungaji Dakta alijenga theolojia nzima. Kitabu chake cha kwanza, *Mungu Anayepisha*, kilichotoka mwaka 1999, kinauliza swali moja: Mungu aliposhuka duniani, alikutana na nani njiani? Jibu lake ni kwamba alikutana na mwanadamu anayepanda, amebeba. Na kwa kuwa Mungu ndiye aliyekuwa akishuka, akafuata kanuni ya njia. Akasimama pembeni. Hori la ng'ombe ni pembeni. Galilaya ni pembeni. Msalaba ulisimikwa nje ya mji, pembeni. Wengi wetu tulikuwa tumelelewa na Mungu anayekuja kama msafara wa kiongozi, king'ora mbele, wananchi wote mtaroni. Yeye akasema mmekosea mahali pa kumtafuta: aliyeko mtaroni ni Mungu, na anayesimama katikati ya njia mikono mitupu, huyo ndiye mwenye dhambi. Dhambi, kwa maelezo ya sura ya nne, ni kuziba njia. Neema ni nafasi ya kupita.

Ni wazo zuri. Mwandishi wa mistari hii hana digrii ya kulipimia. Kazi yake aliijifunza kwa kuharibu mabomba na kuyatengeneza tena. Lakini wazo hulipima kama anavyopima paa: mvua ikinyesha, linavuja au halivuji? Hili limenyeshewa miaka ishirini na mitano na liko kavu. Kama kuna mahali palipovuja, ni kwa fundi aliyelijenga.

Chukua asili yenyewe ya kitabu. Dibaji inasema kwamba mwaka 1996, akitoka Gare kwa miguu, Mchungaji Dakta alikutana na bibi kizee mwenye mzigo wa kuni, na alipompisha, akiwa amesimama mtaroni, akaona kwa ghafla sura ya Mungu. Dibaji hiyo imetafsiriwa katika lugha tatu. Msomaji anayetaka kujua kama kulikuwa na shahidi atafute tanbihi ya pili, maneno mawili: "mwenzangu safarini".

Mwenzake safarini anaeleza hivi. Tulikuwa tunatoka kwenye semina ya pamoja na ndugu zetu Wakatoliki wa Gare. Yeye alikuwa mbele, mikono nyuma, akifafanua jambo kuhusu Wagalatia. Mimi nilikuwa nyuma yake, projekta mkononi na betri ya gari kichwani, kwa kuwa umeme wa huko siku zile haukuwa wa kutegemea. Kwenye kona akatokea dada mmoja anapanda na mbao mbili ndefu za Shume kichwani, zile ambazo ukigeuka na kona, nazo zinageuka na kona kwa wakati wake. Akapiga kelele: "Wee baba, pisha! Mbao hizi hazina macho!" Mchungaji Dakta akasimama. Akainua kidole, maana sentensi ilikuwa haijaisha. Mbao zikaanza kugeuka. Nikaingia mtaroni, na kwa kuwa nilikuwa nimemshika koti, naye akaja.

Kwa maana hiyo, ndiyo, alipisha. Dada alipita, akamwambia mwenye betri, "Ahsante kaka," na kwa mwenye Wagalatia akasema, "Pole baba." Tindikali ya betri ilitoboa shati langu kuanzia bega hadi kiuno. Shati halimo kitabuni.

Dada huyo anaitwa Marta, anauza plamu sokoni hadi leo, na wakati ule hakuwa amefika miaka thelathini. Dakta alipoulizwa kwa nini mbao ziligeuka kuni, alijibu kwamba wasomaji wa mbali wanazielewa kuni haraka zaidi. Kuhusu umri hakujibu. Marta alisomewa dibaji, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Nimezeeka kitabuni kabla sijazeeka nyumbani! Na kuni nilibeba lini mie, nina mbao za watu?" Kila mara Dakta akipita sokoni humwamkia, na Marta humwuliza kwa sauti ya soko zima: "Baba Mchungaji, leo nina miaka mingapi?"

Umaarufu wa kitabu ulileta wageni. Walianza kuja wanafunzi na maprofesa, wakishatembelea Irente kuangalia mandhari na kununua jibini, wakiomba kuonyeshwa mtaro wa ufunuo. Kazi ya kuwapeleka ilinifikia mimi, kwa sababu ambazo hazikuelezwa. Wameupiga picha nyingi sana. Mmoja alitia mkono majini akafumba macho. Hatukuona haja ya kumwambia kwamba mtaro wa 1996 uliziba, na huu ulichimbwa mwaka 2006, na aliyeuchimba ndiye aliyekuwa amemshikia mgeni begi.

Kitabu cha pili, *Kanisa Kando ya Njia*, kilitoka mwaka 2007 na kilimletea Mchungaji Dakta matatizo ya heshima. Hoja yake ni kwamba kanisa limejifanya mwenye njia wakati liliitwa kuwa mwenye kupisha. Lisimame pembeni, liwaache wenye mizigo wapite, na lihesabu wangapi wamepita badala ya wangapi wamelisalimia. Aliitwa kwenye kikao mjini Lushoto kujieleza. Kiongozi mmoja akamuuliza kwa upole wenye miiba, "Kwa hiyo Dakta, unataka sisi tuingie mtaroni na kanzu zetu?" Naye akajibu, "Kanzu zinafuliwa, Baba." Ukumbi ukacheka, kisha ukaangalia nani anacheka, ukanyamaza. Alirudi chuoni shujaa. Wanafunzi walimbeba juu.

Inafaa kuongeza hapa, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba mwaka ule chuo kilikuwa na kamati tisa. Mwandishi wa *Kanisa Kando ya Njia* alikuwa mwenyekiti wa kamati saba. Ya nane alikuwa katibu. Ya tisa ilikuwa kamati ya jiko, na hiyo alihudhuria kama mgeni mwalikwa.

Mpinzani wake mkubwa, na rafiki yake mkubwa, amekuwa Padri Kristian wa Gare. Kwa miaka mingi wamekunywa chai pamoja, wakibishana mpaka chai ipoe, kisha wakilaumiana kwa chai kupoa. Padri alikuwa na pingamizi moja tu, na hakulibadilisha. Alikuwa akisema, "Elinuru, Mungu wako ana adabu sana. Anaingia mtaroni, anavua kofia, mama anapita na mbao zake. Vizuri. Mzigo sasa, nani anamshikia?" Mchungaji Dakta aliona swali hili zito kiasi cha kuandika makala ya kurasa arobaini. Padri aliisoma yote, akairudisha na mkebe wa asali. "Kurasa arobaini," alisema, "na mama bado anapanda."

Swali hilo msomaji aliweke mfukoni. Tutalihitaji.

Sasa tufike kwenye kustaafu. Mwaka 2015, alipotimiza miaka sitini, tulimwaga kwa pilau, kwaya na saa ya ukutani. Wiki iliyofuata bodi ilimwongezea mkataba wa miaka minne ili akamilishe kitabu chake cha tatu. Kitabu kinaitwa *Sanaa ya Kuondoka*. Mwaka 2019 kitabu kilikuwa kimeandikwa. Tukamwaga tena, pilau, kwaya na koti la mvua. Wiki iliyofuata akaongezewa mitano ili akihariri. Kitabu cha kurasa mia moja na themanini kuhusu kuondoka kilimweka kazini miaka tisa, sawa na kurasa ishirini za kuondoka kwa kila mwaka wa kubaki.

Nacho, kwa haki yake, ni kitabu bora kuliko vile viwili. Kinahusu Kupaa kwa Bwana, sikukuu ambayo wengi wetu tunaiadhimisha tukiwa tunawaza chakula cha mchana. Anasema: Bwana aliondoka wanafunzi wakiwa bado hawajaelewa, wengine wakiwa bado wanatia shaka, na aliondoka makusudi, kwa sababu angesubiri waelewe angekuwa Galilaya mpaka leo, anarudia somo la mwaka wa kwanza. Anayempenda mwanafunzi wake huondoka kabla mwanafunzi hajawa tayari, kwa kuwa utayari wenyewe huja mwalimu akishatoka. Sura hiyo ilisomwa kwa sauti katika ibada ya asubuhi mwaka 2021. Wafanyakazi wote tuliisikiliza kwa makini. Yeye mwenyewe alikuwa mstari wa mbele, akitikisa kichwa kukubali.

Mke wake, Mama Bertha, tangu 2015 yuko Shume na kabichi zake, akiwa amemwandalia mume chumba cha kusomea chenye dirisha la kuangalia msitu. Kwenye sherehe ya pili aliombwa aseme neno. Alisimama, akashukuru, akasema, "Mimi pilau ya kumwaga huyu mzee nimekula mara mbili. Mzee mwenyewe sijaletewa." Akakaa. Ilikuwa hotuba bora ya siku ile, na fupi.

Lakini aliyengoja kwa gharama kubwa zaidi hakuwa Mama Bertha. Mchungaji Esteria Kaniki alikuja hapa mwanafunzi mwaka 2006, akawa bora katika darasa lake, akaenda kusoma, akarudi, na tangu 2013 ni msaidizi wa Mchungaji Dakta katika idara. Idara ina masomo matano. Manne anafundisha yeye. La tano Mchungaji Dakta hufundisha, akiwepo. Mwaka 2015 aliambiwa angoje kidogo, idara itakuwa yake. Mwaka 2019 aliambiwa angoje kidogo tena. Wanafunzi, ambao hawana huruma, walimpa jina la Mchungaji Mtarajiwa. Hakulalamika. Alisahihisha mitihani, akawahudumia wake wa wanafunzi waliojifungua hapa, akaandika kitabu chake mwenyewe usiku usiku, ambacho hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukisoma kwa kuwa wote tulikuwa tunahariri *Sanaa ya Kuondoka*.

Mwanzoni mwa mwaka huu, chuo kimoja cha nyanda za juu kusini kilimwita akawe mkuu wa idara huko. Walitaka jibu kabla ya Pasaka. Alimwendea Mchungaji Dakta, kwa adabu yake yote, akamweleza. Akaambiwa waombe. Wakaomba. Katikati ya Machi bodi ikaketi mjini Lushoto, na kabla kikao hakijaisha habari zilikuwa zimeshashuka bondeni kwetu, kama zinavyoshuka: mzee kapewa miwili mingine, na kakubali.

Zilimfikia Mchungaji Esteria. Alikwenda chumbani, akafunga vitu vyake.

Chuo chetu kiko bondeni na barabara iko juu. Masika ikishika, pikapu haishuki, na mwenye kuondoka hupanda na mzigo wake kichwani, njia ile ile ya udongo. Asubuhi iliyofuata alijitwika boksi la kwanza. Mimi nikachukua la pili, maana nilitazama huku na huku nikaona wenye mikono wote wana vipindi. Tukapanda. Kwenye kona moja nyembamba, penye bomba langu linalovuja, tukamwona Mchungaji Dakta anashuka kutoka kwenye basi la Lushoto: mkoba wa ngozi begani, mwavuli mkononi, na uso wa mtu aliyepewa miaka miwili.

"Shikamoo Baba Mchungaji."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda wapi na matope haya?"

"Napanda, Baba. Naomba njia."

Mwenzake safarini, kwa mazoea, alikuwa ameshaingia mtaroni.

Mchungaji Dakta hakuingia. Alisimama katikati ya njia, akainua kidole. Akaanza kueleza kwamba bodi ilisisitiza, kwamba yeye hakuomba, kwamba miaka miwili si mingi mbele za Mungu, kwamba hata Musa. Mchungaji Esteria alimsikiliza mpaka kwa Musa. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Baba, shingo inaniuma."

Nimemfahamu Mchungaji Dakta kwa miaka thelathini na minne, na hiyo ndiyo sentensi ya kwanza niliyoona inamnyamazisha. Alishusha kidole. Akautazama mtaro. Akatia mguu mmoja ndani, na maji yakaingia kiatuni. Halafu akautoa. Nadhani hapo ndipo alipoelewa: akimpisha, atapita, na akipita, amekwenda. Kitabu cha kwanza kilimtaka aingie mtaroni. Kitabu cha tatu kilimtaka aondoke yeye. Na swali la Padri Kristian lilikuwa limesimama mbele yake na boksi kichwani.

Akaweka mwavuli na mkoba chini. Akanyoosha mikono, akalichukua lile boksi kutoka kichwani kwa Mchungaji Esteria, akajitwika mwenyewe, nyonga na yote.

"Wewe unashuka, mwanangu," alisema. "Anayepanda ni mimi. Sasa nipishe."

Mchungaji Esteria alikuwa mikono mitupu, ameelekezwa chini, na mbele yake mzee anapanda na mzigo. Kanuni ya njia haina mjadala. Aliingia mtaroni. Kwa kuwa mtaro ulikuwa na mtu tayari, tulibanana. Mchungaji Dakta akatupita, anahema, akageuka na kona, akapotea. Tulisimama majini kwa muda. Mchungaji Esteria alikuwa analia, na katikati ya kulia akaanza kucheka.

"Kaka Cosmas," aliniambia, "lile boksi lina sufuria zangu."

Ni kweli. Katika tendo kubwa kuliko yote ya maisha yake ya theolojia, Mchungaji Dakta alibeba vyombo vya mwenzake akavipeleka barabarani, upande ambao mwenye vyombo haendi tena. Asingeweza kugeuka, maana angegeuka, yeye ndiye angekuwa anashuka. Mtu fulani ilibidi apande kuvifuata.

Nilimkuta amekalia boksi kituoni, kiatu kimoja kimelowa, hana pumzi. Aliniomba simu, kwa kuwa yake ilikuwa chini, ndani ya mkoba aliouacha njiani. Akampigia mwenyekiti wa bodi akamwambia hachukui ile miaka miwili, na idara apewe Mchungaji Esteria Kaniki kuanzia tarehe mosi Julai. Kisha akamweleza msingi wake wa kitheolojia. Ulikuwa msingi mpana, na salio lilikuwa langu.

Alipomaliza, akanirudishia simu.

"Cosmas, siku ile ya Gare mimi sikupisha."

"Nilikushika koti, Baba."

"Najua. Na shati lako likatoboka." Akafikiri. "Lilikuwa la bluu."

Lilikuwa la bluu. Mwandishi wa wasifu huu alikuwa ameandaa kwa ajili ya siku ya leo wasifu mwingine, wenye takwimu zaidi. Ameuweka kando.

Mchungaji Esteria alijibu kusini siku hiyo hiyo, akashukuru, akakataa. Bodi imemthibitisha. Mabadiliko yake ya kwanza yameshatangazwa: kamati zitakuwa nne, na hakuna mtu atakayeongoza zaidi ya moja. Watu kadhaa wamegundua ghafla kwamba walikuwa na vipaji vya uongozi.

Mchungaji Dakta Elinuru Shemkala anaondoka akiwa amefundisha wachungaji zaidi ya mia nne, ambao leo wako katika sharika kuanzia Tanga hadi ziwani, na ambao wote, ukikutana nao njiani, wanapisha. Sisi tumeona. Anaondoka akiwa ameandika vitabu vitatu, na toleo jipya la kile cha kwanza liko njiani. Ametuahidi kwamba katika dibaji kuni zitarudi kuwa mbao. Marta amesema ataamini akisomewa. Pia kutakuwa na sura mpya kuhusu mzigo. Padri Kristian aliuliza itakuwa ya kurasa ngapi. Akajibiwa: moja. Akaomba aongezewe chai.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunakushukuru, Baba Mchungaji. Tunakushukuru kwa somo lako, kwa ukarimu wa nyumba yako, kwa mazishi yetu uliyoyasimamia na watoto wetu uliowabatiza, na kwa kutufundisha jambo ambalo tulikuwa tunalijua tangu darasa la pili lakini hatukujua kwamba lina Mungu ndani. Kamati haikununua zawadi ya kudumu safari hii, kwa kuwa saa na koti la mvua bado vinafanya kazi. Badala yake, mtaro umesafishwa kutoka langoni hadi barabarani. Sherehe ikiisha, wafanyakazi wote watajipanga ndani yake, walimu wakiwa na kanzu zao, mkuu mpya wa idara akiwa wa kwanza. Wewe utapita katikati ukiwa na sanduku lako la nguo. Maboksi sita ya vitabu yatakuja nyuma, juu ya kichwa mnachokijua.

Huko Shume kabichi zimefunga, dirisha liko wazi, na Mama Bertha amesema safari hii pilau ataipika mwenyewe, ya kumpokea. Maisha yawe mema kwako na marefu, Baba yetu.

Unapanda, na mzigo ni wako. Tumepisha. Ukifika juu, usigeuke.

Cosmas Singano
Msimamizi wa Miliki, Katibu wa Kamati ya Wafanyakazi